Ukurasa Uliomzika Dufie

Dufie alikuwa uani anapiga mswaki aliposikia kwamba amekufa.

"Wakazi wa Bekwai, leo kumekucha vibaya," zilisema spika za kwenye nguzo, kwa ile sauti ya kuvuta makamasi ambayo Nsiah mtangazaji huiweka akiba kwa ajili ya misiba. "Dada yetu Dufie, muuza vitambaa vya msiba wa nyuma ya soko, hatunaye tena. Amewavika wengi, leo zamu yake imefika. Taarifa za mazishi zitafuata. Wakati huohuo, aliyepotelewa na beberu mwenye doa usoni afike kituoni haraka, anatafuna waya zetu."

Dufie alisimama na povu mdomoni. Bekwai ina akina Dufie wengi, akajipa moyo. Lakini muuza vitambaa vya msiba wa nyuma ya soko alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu aliyeshika mswaki. Kabla hajatema, jirani wa ukuta wa pili alishaangua kilio: "Dufie wee! Jana tu kanisalimia!"

Basi hata kutema hakutema. Alikaza fundo la kitenge chake akatoka mbio kuelekea kwenye kibanda cha matangazo, na kila aliyepishana naye njiani alimpisha mbali.

Nsiah alikuwa ameshahamia kwenye tangazo la dawa ya mgongo. Aliinua macho akamwona marehemu dirishani, kamtolea macho, mdomo mweupe pe. Kilichofuata mji mzima ulikisikia, maana kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Yesu wangu! Dufie, mimi sina deni lako! Nenda kwa wenye madeni yako!"

"Nsiah! Nani kakwambia nimekufa?"

"Rudi ulikotoka dada yangu, rudi polepole, tutakufanyia kila kitu..."

"Nitakurudisha wewe tumboni kwa mama yako! Nimesema nani kakwambia?"

Tusi lile ndilo lililomtuliza. Mizimu, kwa jinsi Nsiah anavyojua, huja na adabu zake. Alizima kipaza sauti, akameza mate, akamwangalia Dufie kuanzia miguuni kwenda juu.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema," akajibu. "Ukurasa wako wa mtandaoni. Shika simu, soma, halafu unitukane vizuri."

Dufie akasoma. Picha ilikuwa yake, ile ya juzi. Juu ya picha palikuwa na maneno ambayo yeye hakuyaandika: *Kwa kumbukumbu ya Dufie. Tunatumaini wote waliompenda watapata faraja mahali hapa.* Na chini yake watu walikuwa wanalia kwa mamia.

Sasa, ukilisikia hili haraka utadhani Dufie alifanya ujinga, na mimi sitakubali umwonee. Kazi yake ilikuwa hivi. Ukoo ukifiwa, unachagua muuzaji mmoja na kitambaa kimoja. Muuzaji anakichapisha kwa mtaji wake, kisha kila mwanaukoo, awe Obuasi au Accra au Hamburg, ananunua cha kwake na kumpelekea fundi cherehani. Miaka ya nyuma Dufie alitembea nyumba kwa nyumba na mzigo kichwani, na alimlipa Nsiah amtangaze asubuhi. Halafu ukaja ukurasa. Loo, ukurasa ulimkuta miguu imevimba, akaupokea kwa mikono miwili! Akawa anakaa kwenye kiti chake, anavaa kitambaa kipya, anajipiga picha, anaiweka, na kabla chai haijapoa oda zimeshaingia kutoka miji ambayo hajawahi kuikanyaga. Mle ndani ya ukurasa ndimo zilimokuwa oda zote, majina yote, nani anataka kiasi gani na apelekewe wapi. Nje ya ukurasa Dufie hakuwa na kitu. Alijenga chumba cha stoo na paa la bati kwa ukurasa ule. Asubuhi alikuwa anamshukuru Mungu kwanza, kisha ukurasa.

Na watu wa kwao, jamani, hawawezi kumpita mtu aliyevaa kitambaa cha msiba bila kumpa pole. Ni adabu waliyonyonya na maziwa. Ukiwa barabarani unakimbilia gari, utasimama useme pole. Ukimwona kwenye picha, utaandika pole. Juzi Dufie alikuwa ameweka picha iliyojaa uso wake, amevaa kitambaa cha marehemu Nana Agyeiwaa, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: BURIANI, MAMA YETU. Watu wakamiminika. Pole sana. Lala salama mama. Umetuachia pengo. Wote walikuwa wanamlilia bibi wa watu, lakini walimlilia chini ya uso wa Dufie. Huko mbali zilipo mashine za wenye mtandao, ambako hakuna anayejua kitambaa cheupe chenye michoro myeusi kinavaliwa kwa nani, hesabu ilikuwa nyepesi. Uso huu unaliliwa, basi mwenye uso amekufa. Wakaufunga ukurasa kwa heshima zote. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia tena, na wa kwanza kuzuiwa alikuwa yeye, maana maiti haitumi oda.

"Dada, hofu ya nini?" Nsiah aliuliza. "Si uko hai? Nitatangaza tena. Bure."

"Kitambaa cha Nana Agyeiwaa," Dufie alisema. "Nsiah, nimekufa kweli."

Kitambaa kile kilikuwa kimejaa stoo mpaka dirishani. Mtaji wake wote ulikuwa mle. Nana Agyeiwaa alikuwa bibi wa ukoo mkubwa, amekula chumvi nyingi, na wajukuu zake walitaka kitambaa chenye sura yake. Na kweli kila hatua moja ya kitambaa kile ilikuwa na bibi ndani ya duara, anakuangalia. Mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mafundi cherehani walihitaji siku za kushona. Baada ya Jumamosi ile, nani duniani angenunua gauni lenye sura ya bibi wa watu wengine? Kisingefaa hata kwa pazia.

Aliwaandikia wenye mtandao siku hiyohiyo. Walijibu upesi, hilo tuwape haki yao. *Tumepokea ombi lako kuhusu marehemu Dufie. Tafadhali tuma cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu wako na marehemu.*

Akaandika: *Marehemu ni mimi.*

*Pole sana kwa kupotelewa na mpendwa wako*, wakajibu.

Akajipiga picha ameshika kitambulisho chini ya kidevu, amekunja uso kama mtu anayepelekwa jela. *Asante*, wakajibu. *Picha ya marehemu imepokelewa.*

Dufie aliirusha simu kitandani, akaifuata, akailalia, akalia. Hakulia kwa hasira tu. Aliogopa. Alikuwa amezoea kusikia ile sauti ndogo ya simu kila oda inapoingia, na sasa chumba kilikuwa kimya kabisa, huku Nana Agyeiwaa anamwangalia kutoka kila jora. Alijaribu kuwakumbuka wateja wa ukoo ule. Majina aliyoyajua yalikuwa ya mle ukurasani: Asali ya Mama, Mungu Yupo, Mrembo wa Ejisu. Hebu nenda Ejisu kaulize anakokaa mrembo. Wawili watatu aliokuwa na namba zao aliwapigia. Mmoja aliposikia sauti yake alikata. Mwingine alisema, "Kwa jina la Yesu, toka!" kisha akakata.

Waombolezaji walianza kuja siku iliyofuata.

Nsiah alikuwa ametangaza kwamba Dufie yu hai, tena alitangaza kwa mbwembwe, lakini spika za Nsiah mwisho wake ni kwenye kituo cha mafuta. Ukurasa ulifika mbali kuliko hapo. Wa kwanza alikuwa mwanamke mrefu aliyeshuka kwenye gari la Obuasi amevaa nguo nyeusi na nyekundu, ana maji ya mifuko kichwani na kitambaa cha machozi mkononi. Alimkuta Dufie kizingitini anachambua mchicha.

"Dada, pole na msiba," yule mwanamke alisema. "Kwa marehemu Dufie ni hapa?"

"Ni hapa. Marehemu ndiye mimi."

Mwanamke alitua maji chini. Alimtazama. Alimshika bega, akamminya mkono, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi na nguo zake safi, akalia upya kuliko alivyokuwa akilia njiani. Alipomaliza kulia akakasirika.

"Yaani wewe! Nimelia kutoka Obuasi mpaka hapa! Dereva amenipa nafasi ya mbele kwa huruma! Abiria wamenichangia maji haya! Sasa nikawaambie nini?"

"Karibu maji," Dufie alisema, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakashikana mbavu.

Jina lake lilikuwa Adoma. Dufie alimpa kiti, akampa maji ya kunywa, akamuuliza habari za safari kama anavyoulizwa mgeni yeyote. Ndipo Adoma akamweleza kilichomleta.

"Mume wangu alipofariki nilikuandikia nataka kitambaa. Ukanipigia uniulize rangi. Badala ya kutaja rangi, nikaanza kulia. Unakumbuka?"

"Sikumbuki, dada yangu."

"Hukunikatia. Hukusema nina wateja. Ulikaa kwenye simu nikalia mpaka chaji yangu ikaisha. Mawifi zangu walikuwa chumba cha pili wanagombania friji. Wewe, mtu nisiyemjua, ndiye uliyenisikiliza. Sasa nikisikia umekufa nikae Obuasi?"

Dufie alisukuma mchicha pembeni. Miaka yote ile alidhani ukurasa unamletea wateja. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa simu kulikuwa na mtu anayemhesabu kuwa ndugu. Alijisikia tajiri, na aliona haya kujisikia tajiri siku ambayo hana hata oda moja.

Hakuwa Adoma peke yake. Mchana walikuja wengine kutoka Konongo, wawili, hawajuani, wamekutana stendi wakakuta wanakwenda kwenye msiba mmoja. Akaja mzee wa Ejisu na mwavuli. Likaja gari la kwaya. Kila aliyefika alipiga kelele, akalia, akamgombeza, akapewa kiti, na kwa kuwa aliyekuja msibani hawezi kuondoka na njaa, Dufie akawa anatwanga fufu, ugali wao wa muhogo na ndizi, kwa ajili ya matanga yake mwenyewe. Nsiah naye alifika kuangalia habari, akabaki kwa ajili ya mchuzi wa mawese.

Katika zogo hilo ndipo akaingia Opanin Amoateng, mkuu wa ukoo wa Nana Agyeiwaa. Alikuwa mtu mkavu, mwenye fimbo na maneno machache. Walimpisha, wakampa kiti cha mikono. Alikunywa maji, akafuta mdomo.

"Mwanangu Dufie," alisema. "Nimekuja kwa jambo zito. Wajukuu wamepiga simu kutoka Hamburg. Foriwaa ndiye kiranja wao. Wanasema muuzaji wetu amefariki, na kitambaa cha marehemu kilichouzwa na marehemu ni mkosi juu ya mkosi. Wanataka kila mtu avae chochote cheupe na cheusi alicho nacho. Walioko Accra wameshakubali."

Dufie alipiga magoti kwenye vumbi. "Mzee wangu, si unaniona?"

"Nakuona. Nimewaambia nakuona. Foriwaa kanijibu, mjomba, wewe umezeeka, ukurasa umeandika." Mzee alivuta pumzi. "Mimi nimemlea yule mtoto. Leo anaamini simu kuliko mdomo wangu. Nifanyeje? Sitaki kugawa ukoo mbele ya jeneza la mama yangu."

"Mzee wangu, mle stoo kuna kila kitu changu. Nikikosa Jumamosi hiyo, siinuki tena."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Sikutaka usikie kwa watu."

Alianza kunyanyuka. Dufie alibaki chini. Aliyesema ni Adoma, na alisema akiwa na tonge mkononi, hata hakunawa.

"Mzee wangu, samahani, mimi ni mgeni hapa. Wewe ukitaka kujua ukubwa wa mtu, unaangalia nini?"

"Nani wewe?"

"Mwombolezaji. Nijibu kwanza, mzee wangu."

Opanin Amoateng alifikiri. Ni mtu aliyekaa kwenye misiba kuliko alivyokaa nyumbani kwake. "Naangalia waliokuja," alisema.

"Basi angalia."

Mzee akaangalia. Aliwatazama wa Konongo, wa Ejisu, akaitazama kwaya iliyokuwa inatwanga fufu kwa zamu na sare zao mwilini. Alimtazama Nsiah, aliyekuwa na mchuzi kidevuni. Alirudi kukaa.

"Hawa wote wamemlilia huyu?"

"Kwa nauli zetu," alisema mzee wa mwavuli. "Tena nauli imepanda."

"Mimi Obuasi nawajua ndugu zako," Adoma alisema. "Nyumba ya Mama Pokuaa, karibu na mgodi. Kesho nitaingia mlangoni kwao. Nitakaa, nitapewa maji, nitaulizwa habari za safari. Nitasema nimetoka kwa Dufie, nimemshika mkono, nimekula chakula chake, na kitambaa cha mama yenu hiki hapa. Nani atasema mimi mwongo? Ukurasa hauna mdomo wa kunywea maji."

Ua mzima uliitikia. Hapo Nsiah akafuta kidevu, akasimama. "Na mimi ninao wenzangu. Kila mji una kichaa mmoja mwenye spika. Konongo yupo Bonsu, Ejisu yupo yule mwanamke mwenye sauti ya kiume, Accra wapo wengi kama nzi. Nikiwapigia leo, kesho asubuhi wataamka na Dufie." Akamgeukia Dufie, akatabasamu kwa uchokozi. "Tena bure, ingawa uliponihama hukuniaga hata kwa soda moja."

"Nsiah, nitakununulia kreti."

"Usininunulie kitu. Kesho na mimi naweza kuzimwa. Siku halmashauri ikisema haya makelele basi, wanashusha spika zangu zote, nabaki naongea na yule beberu. Leo kwako, dada. Twende ukazungumze mwenyewe."

Walikwenda wote, kundi zima na mzee na fimbo yake. Dufie alisukumwa mbele ya kipaza sauti. Nsiah alikuwa amewaunganisha wenzake kwa simu tatu alizozipanga mezani. Dufie alikishika kwa mikono miwili. Kwenye ukurasa alikuwa hodari wa maneno. Pale ulimi ulikuwa mzito.

"Mimi ni Dufie," alisema mwishowe. "Sijafa. Waliomlilia Nana Agyeiwaa wakakosea wakanililia mimi, nawashukuru. Sikujua kama ninao watu wengi hivi. Kitambaa cha Nana kipo, ni kizuri, sikukichapisha kwa kubahatisha. Nilikaa na binti zake nikawauliza mama yao alikuwa anapenda maua gani. Wakasema hakupenda maua hata kidogo, alipenda kuku. Ndiyo maana pembeni kuna kuku. Wajukuu walioko mbali, njooni mumvae bibi yenu."

Alipomaliza, Opanin Amoateng alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake bila kuomba.

"Huyu ni Amoateng," alisema. "Nimesikia kwamba nimezeeka. Ni kweli. Ukoo utavaa kuku."

Kazi iliyofuata sijawahi kuona mfano wake. Mzee aliketi mlangoni mwa stoo akawa anazitaja nyumba za ukoo wake kwa kichwa, mji kwa mji, nani kaolewa wapi, nani kagombana na nani hivyo asipitishiwe mzigo wake. Waombolezaji walikata kitambaa, wakakunja, wakafunga. Adoma alibeba mzigo wa Obuasi. Wa Konongo walibeba wa Konongo. Mzee wa mwavuli aliapa atawatafuta wa Ejisu wote, mrembo akiwemo. Kwaya ilipanda gari lake na majora kwenye paa, ikaondoka inaimba. Walikuja kumzika, wakaondoka na biashara yake mabegani, na Dufie alisimama barabarani akiwapungia mpaka vumbi likatua. Hakumaliza kushukuru. Alirudi ndani akaendelea kumshukuru peke yake kila aliyemkumbuka, kwa sauti, kama mtu aliyepagawa.

Habari zilirudi siku hadi siku. Adoma alipiga simu: Obuasi wamechukua vyote, wanataka na vya watoto. Accra waligoma kwanza. Kisha jirani yao akawaambia amemsikia marehemu mwenyewe asubuhi akiongea habari za kuku, wakakubali. Mafundi cherehani wa Bekwai hawakulala vizuri wiki ile, na walimlaani Dufie kwa mapenzi.

Wenye mtandao nao waliandika. *Baada ya kulipitia ombi lako, tumeamua ukurasa wa marehemu utabaki kama kumbukumbu. Pole tena.* Dufie alisoma mara moja, akaguna. Sikudanganyi, iliuma. Miaka yake ilikuwa mle ndani, picha zake, sifa zake, vicheko alivyocheka na watu asiowaona. Ulimlisha, na hakutaka kuutukana. Ameshafungua mwingine, msidhani hajafungua, mtu lazima ale. Lakini sasa ukimwagizia kitambaa, kabla hajakutajia bei, anakuuliza kwenu ni wapi, nyumba ya nani, mama yako anaitwa nani, na nikifika nitagonga mlango upi. Wengine hukasirika. Anawaambia wavumilie.

Jumamosi ilifika na jua lake. Uwanja wa mazishi ulikuwa mweupe, mahema pande nne, na kila hema limejaa Nana Agyeiwaa. Wanaume wamemtupia begani, wanawake wamemshonea kiuno, watoto wanakimbia naye mgongoni, na kuku kila mahali. Dufie alisimama langoni akashindwa kuingia. Alikuwa ameuza vitambaa vya mazishi mengi, lakini siku hizi alikuwa akifika anapiga picha mbili tatu za ukurasa, anaondoka. Alikuwa hajaingia uwanjani na kuwapa mkono wafiwa muda mrefu sana.

"Ingia, marehemu," Nsiah alimwambia kwa nyuma. "Unaziba njia."

Akaingia. Alianzia kulia, kama inavyotakiwa, mkono kwa mkono, mtu kwa mtu, bila kumruka yeyote. Pole. Pole sana. Poleni jamani. Opanin Amoateng alimkaza vidole tu. Mama Pokuaa wa Obuasi alimvuta akamkumbatia. Akafika kwa mwanamke mnene mwenye miwani myeusi na koti la baridi juu ya kitambaa chake, koti la watu waliotoka uwanja wa ndege. Akampa mkono. Mkono haukuachiwa.

"Wewe ndiye Dufie?"

"Ndiye mimi. Pole na bibi, dada."

"Mimi ni Foriwaa. Wa Hamburg." Alivua miwani, macho yalikuwa yamevimba. "Mimi ndiye niliyewaambia wasinunue."

"Najua, dada."

Foriwaa aliugeuza mkono wa Dufie, akaubonyeza kiganjani, akaupeleka shavuni kwake akaushikilia pale. Watu wa mstari ule walikuwa wananyoosha shingo.

"Una joto," Foriwaa alisema taratibu. Kisha akawageukia ndugu zake, akapaza sauti katikati ya msiba, "Jamani, mkono una joto!"

Kicheko kilianza kwa kina mama, kikaenda mpaka kwa wazee. Foriwaa hakucheka, alikuwa analia. "Nisamehe. Nilikulilia siku mbili, nikashindwa hata kwenda kazini. Halafu ikasemwa uko hai, nikaona ni bora niamini umekufa, maana nilishamaliza kulia."

"Usiombe msamaha," Dufie alisema. "Ulinililia hunijui. Mimi ndiye wa kukushukuru. Asante, dada yangu. Asante sana."

Hapo yeye naye akashindwa kujizuia. Alilia mbele ya ukoo wa watu, siku ya bibi yao, muuza vitambaa, akijifuta kwa ncha ya nguo yake. Na watu wa kwao hawawezi kumwona mtu analia amevaa kitambaa cha msiba wakamwacha hivihivi. Wafiwa walinyanyuka kwenye viti vyao, mmoja baada ya mwingine, wakamshika mkono kwa mikono miwili, kila mmoja akiubonyeza kidogo kuthibitisha, wakimwambia pole.

Dufie aliitikia kila mmoja. Alipomaliza mstari ule, aliuliza hema linalofuata ni la nyumba ya nani, wakamwambia, akaenda.